Karata Zilizonyolewa

Mama yake hakunikataa kwa sababu ya kazi, wala kwa sababu ya wembamba wangu. Kazi ninayo, natengeneza miwani, na wembamba alisema unatibika. Alinikataa kwa sababu ya karata. Jirani yao mmoja alimpelekea habari kwamba kijana anayemtaka binti yake ana kabati zima la karata za ramli chumbani kwake. Kabati kweli ninalo, jirani hakusema uongo hapo. Uongo ulikuwa kwenye hilo neno ramli.

Ninakusanya karata za taroti. Wengi wanazijua kwa sifa mbaya tu: karata sabini na nane zenye picha, mtu anazipanga mezani halafu anakwambia utaolewa lini na nani anakuonea wivu. Mimi hata mvua ya kesho siwezi kuitabiri. Natafuta zile zisizochapishwa tena, ambazo mchoraji wake amekufa au kiwanda chake kimefungwa, zikabaki seti chache mikononi mwa watu wasiojua walicho nacho. Nikiikuta moja chini ya rundo la vitabu vya mitumba, siku hiyo hata chakula sikitaki.

Watu huniuliza napata nini. Ni mmoja tu ambaye hakuuliza. Anafanya kazi kwenye karakana ya kujalidi vitabu nyuma ya duka langu, kwenye mashine ya kukatia karatasi, na wenzake wanamwita Wembe kwa sababu kitu akikikata kimenyooka. Alikuja kukaziwa skrubu ya miwani yake, akanikuta nimeinamia karata tatu na kioo cha kukuzia. Nikasubiri aniulize zinasema nini, kama wengine wote. Akaiinua moja kwenye mwanga, akaipinda kidogo, akasema, "Karatasi hii nzito. Gramu ngapi?"

Hapo nikajua nimekwisha.

Hayo yalikuwa ya mwanzo. Sasa tulikuwa tumefika kwenye mama, na mama alikuwa ameweka sharti.

"Amesema uje Jumapili, na uje nazo," Wembe aliniambia. "Anataka kuziona kwa macho yake. Akiridhika, mtaanza kuzungumza. Asiporidhika, jina lako lisitajwe tena ndani ya nyumba ile."

"Na wewe ukamjibuje?"

"Nikamwambia sawa. Ni mama yangu, ningemjibuje?"

Nilichagua seti niipendayo kuliko zote. Ilichorwa na mwalimu wa sanaa wa shule ya msingi, akawachora majirani zake: mfalme wake ni kinyozi, malkia wake ni mama mwenye duka la vitambaa. Ilichapwa mara moja tu, kiwanda kikafungwa, mitambo ikauzwa kama vyuma chakavu. Nilikuwa nimeitafuta tangu nilipokuwa mwanafunzi. Kasha lake la zamani lilikuwa limeoza, kwa hiyo nikampa Wembe aitengenezee kasha jipya, ili siku ya kuonyeshwa isionekane imetoka jalalani. Nilimpa kwa mikono miwili, kama mtu anavyompokeza mwenzake mtoto mchanga.

*

Sebule yao ilikuwa ndogo na safi. Mama yake hushona sare za shule, na cherehani ilikuwa imesogezwa ukutani na kufunikwa shuka kwa heshima ya mgeni. Juu ya rafu ya redio kulikuwa na karata za kawaida zilizochakaa, zimefungwa kwa mpira. Wembe alishanionya kwamba mama na dada yake hucheza kila Jumapili, na mama akishika karata hajui mtoto wala ndugu.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, kijana. Kaa."

"Shikamoo, Mama Mkubwa."

Mama Mkubwa alikuwa karibu na dirisha, ameshika gazeti mbali na uso kana kwamba linanuka. Mkono mmoja wa miwani yake ulikuwa umefungwa kwa uzi mweusi. Vidole vyangu vya ufundi vilianza kuniwasha.

"Marahaba. Wewe ndiye mganga?"

"Mimi ni fundi miwani, Mama Mkubwa."

"Basi mganga wa macho."

"Dada, mwache mgeni anywe chai," mama yake alisema, lakini chai yenyewe bado haijafika na yeye alishakunja mikono. "Kijana, mimi sizunguki mbuyu. Mwanangu anakupenda, sina mashaka na hilo, maana siku hizi anaunguza nguo kwa pasi. Sasa niambie. Karata zile unazisoma?"

"Hapana, Mama. Sijui kuzisoma na sijawahi kutaka kujua."

"Unawasomea watu?"

"Hapana."

"Sasa ni za nini? Mtu anafuga mbwa, hawindi naye, hamlindii nyumba?"

"Wapo wanaomfuga kwa kumtazama tu, Mama."

"Wapo," alisema Mama Mkubwa. "Na huwa hawana wake."

Wembe aliingia na chai wakati huo, akaificha midomo yake nyuma ya sinia. Tulitazamana kwa muda mfupi sana, wa kutosha mimi kusahau nilichotaka kusema. Alikuwa amevaa gauni la kijani na vidole vyake bado vilikuwa na gundi ya kazini. Nilitamani kumwoa siku ileile, kwa chai ileile.

"Nitakueleza, Mama," nilisema. "Wateja wangu nawawekea ubao uleule ukutani, herufi zilezile. Kila mmoja anauona kwa jicho lake. Karata hizi ni vivyo hivyo. Picha ni zilezile tangu zamani: mfalme, mwezi, gurudumu, mjinga anayetembea. Halafu kila mchoraji anazichora kwa namba yake ya miwani. Zikikoma kuchapishwa, jicho lile limefumba, hakuna mwingine atakayeona vile. Mimi naweka macho ya watu."

Mama yake aliisukuma sukari karibu yangu. Nikadhani nimeshinda.

"Maneno mazuri," alisema. "Sasa msikilize na dada yangu. Dada, mwambie."

"Tena?"

"Mwambie."

Mama Mkubwa aliweka gazeti chini. "Nilikuwa na mchumba. Mtu mzuri, mrefu. Rafiki yangu akanipeleka kwa mwanamke mmoja mwenye karata kama hizo zako. Akafunua moja, ina mifupa. Akasema mwanamume huyu atakufa mapema, atakuachia watoto wadogo na madeni. Nikaogopa. Nikamrudishia pete."

"Pole, Mama Mkubwa."

"Pole ya nini, hakufa. Juzi nimemwona kwenye foleni ya benki, ana kitambi na mjukuu begani. Akaniamkia vizuri tu." Alivua miwani, akaifuta kwa kanga. "Mimi ndiye niliyebaki na huyu mdogo wangu, ananifunga karata kila Jumapili."

Hakuna aliyecheka. Mama yake akaniangalia usoni. "Umeelewa sasa? Karata moja tu imemtoa dada yangu kwenye maisha yake. Wewe unataka kumleta mwanangu alale chumba kimoja na kabati zima."

Wembe ndiye aliyesimama. "Mama, ulisema utaziona kwanza," alisema, akaenda chumbani, akarudi na kasha.

Lilikuwa kasha la kupendeza, lazima niseme. Kitambaa cha bluu, pembe zake zimekunjwa bila mkunjo hata mmoja kuonekana, kifuniko kinashuka taratibu chenyewe, hewa ikitoka kidogo kidogo. Aliliweka mbele yangu na sio mbele ya mama yake. "Fungua wewe," alisema. Uso wake ulikuwa na ile furaha ya mtu anayekuangalia ukifungua zawadi.

Nikafungua. Karata zilikuwa zimekaa ndani kama zilizozaliwa humo. Nilichukua ya juu, nikaihisi kwa kidole gumba, na kabla macho hayajafika kidole kilishajua. Ukingo ulikuwa mkali na mweupe. Ile pambizo ya manjano kuzunguka picha, yenye alama za vidole vya watu walioishika kabla yangu, haikuwepo. Nikachukua ya pili. Nikachukua ya katikati.

"Umezikata," nilisema.

"Nimezinyoa. Zilikuwa na ndevu pande zote nne, unakumbuka? Zimechanika chanika. Kwetu kazi yenye ndevu haitoki mlangoni, hata iwe ya nani."

"Hukuniuliza."

"Ningekuuliza ingekuwa zawadi gani?"

"Wembe, zile ndevu ndizo zilizokuwa karata."

"Ulikuwa uchafu."

"Ilikuwa mikono ya watu. Hakuna seti nyingine kama hii ambayo nimeiona kwa macho, na hii sasa siyo yenyewe tena. Hakuna mkusanyaji atakayeikubali. Imekatwa, basi." Sauti yangu ilikuwa ya chini, na nilijua kwamba nikinyamaza hapo nimeokoka. Sikunyamaza. "Ningempa mtoto wa chekechea achezee, zingekuwa salama zaidi."

Furaha ilimtoka usoni polepole, nikaiona inavyotoka. Akakirudisha kiti chake mezani taratibu, akatoka kwa mlango wa nyuma.

"Kijana," mama yake alisema. "Hayo umeyasema kwangu, mezani kwangu."

"Nisamehe, Mama."

"Mimi hukunikosea." Alielekeza kidevu chake kwenye mlango wa nyuma, na sikuhitaji kuambiwa mara mbili.

*

Alikuwa amekaa kwenye ngazi za uani, karibu na bomba, anakwangua gundi kwenye kucha. Hakugeuka. Nilikaa ngazi ya chini yake, maana ya juu sikustahili.

"Kama umekuja kuniambia hukumaanisha, usiseme," alisema. "Ulimaanisha."

"Nilimaanisha wakati ule."

"Na sasa?"

"Sasa inauma bado, lakini sikutaka uumie na wewe."

Alitoa bahasha ya kaki mfukoni mwa gauni, akanipa juu ya bega bila kuniangalia. Ndani kulikuwa na vipande vyembamba vya karatasi, vingi mno, vyembamba kama maganda ya penseli, kila kimoja kina upande mmoja wa manjano.

"Mabaki ya kazi ya mtu hatuyatupi mpaka mwenyewe apokee kazi," alisema. "Hujapokea. Kwa hiyo ni yako."

Nilivimimina kidogo kiganjani. Vyote vilikuwa na upana mmoja. Nimezoea kupima vitu vidogo kwa jicho, ndiyo kazi yangu, na sikuona kimoja kilichozidi mwenzake.

"Mashine haiwezi kukata hivi," nilisema. "Rundo lingeteleza."

"Sikuziweka rundo. Nilizikata kwa mkono, moja moja, pande nne, kila siku nikitoka kazini. Niliogopa kisu cha mashine kisije kikagusa picha." Akapangusa pua kwa mgongo wa mkono. "Ile ya mama mwenye vitambaa nilishindwa siku nzima kuianza. Ana macho kama ya bibi yangu."

Hapo ndipo hasira iliponiishia, na nitasema wazi kwamba sikuitoa mwenyewe, ilitoka tu. Nilimwona amekaa kwenye meza ya karakana watu wote wameondoka, rula ya chuma mkononi, anapumua kidogo kidogo asitikise kisu. Katika watu wote walioshika seti ile tangu ichapwe, sidhani kama kuna aliyezitazama picha zile kwa makini kumzidi. Labda mwalimu aliyezichora.

"Ulitaka kuwapa hao wakusanyaji?" aliuliza.

"Hapana. Nisingempa mtu hata nikifa njaa."

"Basi hasara iko wapi?"

"Ipo. Usiniambie haipo."

"Ipo," alisema. "Nisamehe. Nilidhani nakupa kitu, kumbe nimechukua. Sijui kusema vizuri kuliko hivyo."

"Inatosha. Na mimi nisamehe kwa lile la chekechea." Nilirudisha vipande kwenye bahasha, nikaiweka mfuko wa shati. "Inauma, Wembe. Na nakupenda. Yote mawili."

"Kwa mpangilio huo?"

"La pili lilianza kwanza."

Akashuka ngazi moja, akakaa sawa na mimi, bega kwa bega. Bomba lilikuwa linadondosha maji kwenye ndoo na hakuna aliyelikaza.

"Mama hatakubali," alisema mwishowe.

"Najua. Nitaingia nichukue kasha, nimuage kwa heshima. Halafu tutajua la kufanya."

"Mimi siolewi bila baraka yake. Nakwambia mapema."

"Sijakuomba hivyo."

"Najua hujaniomba. Nakwambia tu usije ukafikiri vingine," alisema, akainuka.

*

Tulipoingia, Mama Mkubwa alikuwa amezimwaga karata zote mezani na anazifunua moja moja, anaileta kila moja puani kisha anaipeleka mbali. Mama yake Wembe alikuwa amesimama kando, mikono nyuma, kama mtu aliyekatazwa kugusa bidhaa dukani.

"Mganga, njoo hapa," alisema Mama Mkubwa. "Ile ya mifupa iko wapi? Nimeitafuta siioni. Kama ipo, nataka nionane nayo."

Nilimtazama mama yake. Hakunizuia. Nikaitoa kwenye rundo, nikampa.

Haikuwa na mifupa. Mwalimu yule alichora ukumbi mtupu baada ya shughuli, taa moja inawaka, na mzee mmoja anakunja viti na kuviegemeza ukutani. Uso wake umechoka lakini si mbaya.

"Hii?"

"Ndiyo yenyewe, Mama Mkubwa. Kifo, namba kumi na tatu. Wengine humchora mifupa na panga, mchoraji wa hizi alimwona hivi."

Aliishika mbele ya dirisha kwa muda mrefu. Nilisubiri alie, na nadhani mdogo wake naye alisubiri.

"Yaani huyu ndiye aliyenizuia nisiolewe," alisema. "Mkunja viti." Mabega yakaanza kumtikisika, na ilikuwa kicheko, kilichomshika mpaka akavua miwani. "Na anaonekana mtu wa watu. Ningemkuta yeye siku ile, ningemsaidia viti nikaenda zangu harusini."

Mama yake alisogea, kwa ajili ya dada yake nadhani, akamshika bega. Ndipo macho yake yakaangukia mezani. Mchezaji wa karata ni mchezaji tu. Niliona jicho linavyopanga lenyewe.

"Hiki kikombe," alisema. "Viko vingi. Kimoja, viwili, vitatu, mpaka mfalme."

"Hiyo ndiyo kopa, Mama. Zamani kopa ilichorwa kikombe. Sarafu hizi ni uru. Panga ni shupaza. Rungu ni pau."

"Usinidanganye, kijana."

"Sikudanganyi. Zilianza kuchezwa mezani muda mrefu kabla mtu hajazipigia ramli. Kuna nchi mpaka leo wanazicheza."

"Na picha hizi nyingine? Mwezi, gurudumu, mkunja viti?"

"Turufu."

"Zote?"

"Ishirini na mbili."

Mama yake alikaa. "Turufu ishirini na mbili," alisema kwa sauti ya mtu aliyesikia habari ya urithi. Mikono ikatoka nyuma yenyewe.

Lazima mjue kwamba sijawahi kuchanga seti yangu yoyote. Sisi wakusanyaji hatuchangi. Tunazishika kwa pembe, tunazitazama, tunazirudisha. Alipozikusanya na kuzigonga mezani nilipiga hatua mbele, na Wembe akanishika mkono. Kisha mama yake akazichanga. Zilitiririka. Hakuna iliyokwama kwa mwenzake, hakuna pembe iliyoshika, zilipita kati ya vidole vyake na mlio mmoja laini ambao sikujua kama seti ile inao. Na zingekuwa na ndevu zile zingepita vipi? Zisingepita.

"Zinateleza," mama yake alisema. Alipitisha kidole kwenye kingo za rundo zima, polepole, kama anavyokagua mshono. Akamwangalia binti yake. "Zote kwa mkono?"

"Ndiyo, Mama."

"Umenyoosha," alisema, na Wembe akainamisha kichwa.

Nilichukua kasha la bluu, nikalifuta vumbi ambalo halikuwepo.

"Mama, asante kwa chai. Naomba niage. Nitazipitia karata siku nyingine, au uziache kwa jirani nizifuate huko, vyovyote utakavyoona. Nilikuahidi utaziona, umeziona. Neno ni lako."

Alikuwa anagawa, haraka, bila kutazama, kama watu waliozaliwa nazo. Mama Mkubwa alikuwa anakusanya zake huku akinuna. Wembe bado alikuwa amesimama kando yangu. Nikageuka mlangoni kuvaa viatu.

"Unakwenda wapi?" mama yake aliuliza.

Nikageuka. Mezani kulikuwa na mafungu manne.

"Nani atacheza hizi zako?" alisema, na macho hayakutoka kwenye karata zake. "Kaa, mwanangu. Utufundishe."

Nilivua kiatu kimoja nilichokwisha kuvaa.

"Na akifungwa," alisema Mama Mkubwa, akiifungua na kuifunga tena miwani yenye uzi, "anitengenezee hii."